Kura, Katiba na Mkaa: Jinsi Kitaliano Kilivyowafikia Waitaliano

Wazee wangu, ndugu wasikilizaji, shikamooni, na asanteni kwa kufika.

Tukitaja Italia, wengi wetu tunaona nchi moja yenye lugha moja, mpira na tambi. Katika picha hiyo, lugha ndiyo iliyochelewa kuliko vyote. Bendera ilikuwepo, reli ilikuwepo, jeshi lilikuwepo, na bado Waitaliano wengi walikuwa hawasemi Kitaliano. Sensa ya mwaka 1951, miaka sita baada ya vita kwisha, ilikuta asilimia 12.9 ya watu hawajui kusoma wala kuandika. Hao ni wale waliokiri wenyewe. Ukiwajumlisha na waliosoma kwa kubabaisha, wasio hata na cheti cha shule ya msingi, unafika asilimia 59.2. Mwanaisimu Tullio De Mauro, aliyezichambua hesabu hizo, alikadiria kwamba karibu theluthi mbili ya Waitaliano wakati huo walisema lahaja katika kila shughuli. Waliotumia Kitaliano kama lugha yao ya kila siku hawakufika mmoja kati ya watano.

Ninaposema lahaja, tusifikirie Kimvita na Kiunguja. Mtu wa Bergamo na mtu wa Palermo, kila mmoja akisema cha kwao, hawaelewani. Kisisilia, Kinapoli, Kivenisi na Kipiemonte vyote vilitokana na Kilatini, lakini kila kimoja kilipita njia yake. Hicho kinachoitwa Kitaliano kilikuwa lugha ya Florence iliyosafishwa na waandishi kwa karne nyingi, na kikakaa zaidi vitabuni kuliko vinywani. Nchi ilipoungana mwaka 1861, De Mauro aliwahesabu wasemaji wake kuwa asilimia 2.5 tu. Mwanaisimu mwenzake Arrigo Castellani alimpinga, akawaongeza watu wa Toscana ambao lahaja yao iko karibu mno na lugha ya vitabu, akafika karibu asilimia 10. Mimi hesabu ya Castellani naiona ya haki zaidi, lakini hata hiyo inawaacha nje watu tisa kati ya kumi.

Serikali ya kifashisti ilijaribu kulimaliza jambo hili kwa amri. Mwaka 1938 ilikataza kumwita mtu kwa heshima *lei*, ikataka aitwe *voi*. Sheria ya Desemba 1940 ikapiga marufuku maneno ya kigeni kwenye vibao vya maduka, na chuo cha wataalamu wa taifa kikakaa kutunga orodha za maneno mbadala. Huko Alto Adige, mpakani na Austria, shule za Kijerumani zilikuwa zimefungwa tangu miaka ya 1920 na majina ya vijiji yamebadilishwa. Amri hizo zilizaa nini? Neno *autista*, dereva, lilishika. *Bar* haikung'oka. *Lei* ilirudi vinywani mara serikali ilipoanguka. Na mkulima wa Calabria hakujifunza hata neno moja, kwa sababu amri yote ilihusu yale asiyotakiwa kuyasema.

Sasa njooni kwenye tarehe 2 Juni 1946.

Siku hiyo, na asubuhi ya siku iliyofuata, wapiga kura milioni 28 waliitwa kuamua kama Italia ibaki ufalme au iwe jamhuri, na papo hapo kulichagua Bunge la Katiba. Wanawake walikuwa na kura kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa taifa zima. Amri ya kuwapa haki hiyo ilitoka mwanzoni mwa Februari 1945, na ilikuwa na kasoro ambayo kila anayeandika sheria aijue: ilisema wanawake watapiga kura, ikasahau kusema kwamba wanaweza pia kupigiwa. Kasoro hiyo ilizibwa kwa amri nyingine ya tarehe 10 Machi 1946, siku ileile uchaguzi wa serikali za mitaa ulipoanza.

Unapomkabidhi karatasi ya kura mtu asiyejua kusoma, humwandikii maelezo. Unampa picha. Kwenye karatasi ile, Jamhuri ilikuwa kichwa cha mwanamke aliyevaa taji la minara, sura ya kale ya Italia ambayo watu walikwisha kuiona kwenye sarafu na stempu. Ufalme ulikuwa ngao ya ukoo wa Savoia yenye taji juu yake. Ukiingia kibandani ulikuta penseli maalumu ambayo Waitaliano huiita *matita copiativa*. Kiini chake kimechanganywa na rangi, kwa hiyo ukijaribu kufuta inaacha doa, na ikiguswa na unyevu inageuka wino. Unatia alama, unakunja karatasi, unalamba ukingo wenye gundi, unaibandika. Hapo kwenye kulamba ndipo gazeti la Corriere della Sera lilipotoa onyo lake kwa wanawake: waingie kibandani bila rangi ya mdomo, kwani ikigusa karatasi inaweza kuhesabiwa kuwa alama ya kumtambulisha mpiga kura, na kura yenye alama ya namna hiyo inatupwa. Wapo wanaocheka leo. Lakini ni ushauri wa vitendo kuliko hotuba zote za wiki ile.

Asilimia 89 walijitokeza. Jamhuri ilipata kura 12,718,641, Ufalme 10,718,502, na zaidi ya 1,500,000 ziliharibika, sehemu kubwa zikiwa zimeachwa tupu. Kaskazini ilichagua Jamhuri, na Trento iliipa asilimia 85. Kusini ilibaki na mfalme, na jimbo la Napoli lilimpa karibu asilimia 80.

Ndipo lugha ikaingia kortini. Sheria ya kura hiyo ilisema Jamhuri itasimama ikipata wingi wa *elettori votanti*, yaani wapiga kura waliopiga. Wafuasi wa mfalme wakauliza: aliyetumbukiza karatasi tupu, je, hakupiga? Kama alipiga, basi nusu ihesabiwe juu ya watu wote waliofika kituoni, si juu ya kura halali peke yake. Corte di Cassazione, mahakama ya mwisho ya rufani, ililipima swali hilo na tarehe 18 Juni ikaamua kwa majaji 12 dhidi ya 7 kwamba zinazohesabiwa ni kura halali. Mfalme Umberto wa Pili alikuwa amekwisha kupanda ndege kwenda uhamishoni siku tano nyuma. Ukipiga hesabu kwa namna waliyoitaka wao, waliopiga ni 24,946,878, nusu yake ni 12,473,439, na Jamhuri inaipita kwa kura zaidi ya 245,000. Ilishinda kwa hesabu zote mbili. Maneno mawili yaliyoandikwa kwa haraka yaliiacha nchi ikining'inia kwa wiki mbili, na ghasia zilizotokea Napoli siku zile ziliua watu.

Wapo ambao hawakupiga kabisa. Jimbo la Bolzano na maeneo ya mpaka wa mashariki, Trieste miongoni mwake, yaliachwa nje kwa sababu hatima yao ilikuwa bado mezani mwa mataifa washindi. Hawakupiga pia wafungwa wa vita ambao hawajarudishwa, wakiwemo waliokuwa bado wanasubiri meli katika kambi za Waingereza nchini Kenya.

Bunge la Katiba lilikuwa na wajumbe 556, wanawake 21. Kazi ya kuandika rasimu ilipewa kamati ya watu 75 chini ya Meuccio Ruini, ikagawanywa kamati ndogo tatu. Watu hawa walikuwa Wakatoliki, wakomunisti, wasoshalisti na waliberali, hawakupatana juu ya mambo mengi, lakini walikubaliana juu ya jambo moja la uandishi: mwenye nchi aweze kuisoma. Hiyo ni kazi ya mkono, si ya moyo. Kabla ya kura ya mwisho, rasimu ilipitiwa na mhakiki wa fasihi Pietro Pancrazi ili kunyoosha Kitaliano chake. De Mauro alikuja kuihesabu baadaye: maneno 9,369 kwa jumla, lakini maneno tofauti ni 1,357 tu, na 1,002 kati ya hayo ni ya msamiati wa kawaida ambao mtu huupata bila shule ndefu. Sentensi kwa wastani haivuki maneno 20. Linganisheni na katiba yoyote mnayoijua.

Nichukue vifungu viwili tuvitazame kwa karibu.

Kifungu cha 1 kinaanza: *L'Italia è una Repubblica democratica, fondata sul lavoro*. Italia ni jamhuri ya kidemokrasia, msingi wake ni kazi. Upande wa kushoto ulitaka iandikwe "jamhuri ya kidemokrasia ya wafanyakazi". Pendekezo hilo lilianguka kwa kura 239 dhidi ya 227. Tofauti ni herufi chache, lakini ukisema "ya wafanyakazi" umewagawa watu, kuna walio ndani na walio nje. Ukisema "kazi" umeacha mlango wazi kwa mshonaji, mwalimu na mama anayelea. Mjumbe Amintore Fanfani ndiye aliyeleta maneno ya "msingi wake ni kazi", na yakapita Machi 1947.

Kifungu cha 11 kinahusu vita. Kilitafutiwa kitenzi. *Rinuncia*, kuacha, kilikataliwa kwa sababu anayeacha kitu anakiri kwamba alikuwa na haki nacho. *Condanna*, kulaani, kikaonekana ni cha kimaadili tu, hakimfungi mtu. Wakachagua *ripudia*, kwa sababu kinalaani na kuacha kwa pigo moja. Kwa Kiswahili tungesema "inaikana vita". Ila Mtaliano wa kijijini alikijua kitenzi hicho kutoka mahali pengine kabisa: mume akimkataa mkewe, *ripudia* ndilo neno lake. Kwa hiyo kuna harufu ya talaka humo, na tafsiri nyingi zinaipoteza.

Katiba ilipitishwa tarehe 22 Desemba 1947 kwa kura 453 dhidi ya 62, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1948. Na masharti yake ya mwisho yaliagiza kwamba nakala iwekwe katika ukumbi wa kila halmashauri ya nchi na ikae hapo mwaka mzima wa 1948, ili kila raia aione. Agizo zuri. Ila hapo hapo ndipo mkono wa karani ulipoponyoka: raia hasemwi "aisome" wala "aijue", inasemwa *possa prenderne cognizione*, yaani aweze kuchukua utambuzi wake. Baada ya vifungu 139 vya lugha nyoofu, ofisi ilirudi kupitia mlango wa nyuma. Tutakutana nayo tena.

Tena, ukumbi wa halmashauri haumsaidii asiyejua kusoma. Desemba 1947 serikali ilianzisha *scuola popolare*, kile ambacho Tanzania tungekiita kisomo cha ngumbaru. Kozi zilikuwa za aina tatu: A kwa wasiojua kusoma kabisa, B kwa waliosahau au kuishia njiani, C kwa wenye cheti waliotaka kuendelea. Mwaka huohuo kiliundwa chama cha kitaifa cha kupambana na ujinga wa kusoma, UNLA, kilichofungua vituo vyake zaidi kusini. Tatizo la madarasa haya lilikuwa lile ambalo kila mwalimu wa watu wazima analijua. Mtu wa miaka 45 anayetoka shambani jioni anaona aibu kuketi kwenye dawati la mtoto, na akikosa masomo mawili harudi.

Televisheni ilianza rasmi tarehe 3 Januari 1954. Siku hiyo wenye leseni walikuwa kama 24,000 nchi nzima, maana kifaa chenyewe kilikuwa na bei ya mishahara ya miezi kadhaa ya kibarua. Kwa hiyo watu walitazama baa, kwa jirani, parokiani au ofisini kwa chama. Mwishoni mwa 1955 likaja shindano la maswali, *Lascia o raddoppia?*, likiongozwa na Mike Bongiorno, Mtaliano mzaliwa wa New York. Siku ya shindano, majumba ya sinema yaliona viti vinabaki vitupu, yakaingiza televisheni ukumbini na kukatiza filamu ili watu walione kwanza. Hakuna aliyekwenda pale kujifunza lugha. Lakini kwa saa nzima bibi wa Puglia na fundi wa Milano walisikia sentensi zilezile, kwa matamshi yaleyale, na kesho yake wakazijadili.

Matamshi hayo hayakuwa ya bahati. Watangazaji walifundishwa Kifiorentina kilichoondolewa vijitabia vyake vya mtaani. Kitaliano kinaandika irabu tano lakini kinatamka saba, kwa kuwa *e* na *o* zina namna mbili, wazi na ya kubana. *Pesca* ukiitamka kwa *e* wazi ni tunda la pichi, ukiibana ni uvuvi. *Botte* kwa *o* wazi ni mapigo, ukiibana ni pipa la mvinyo. Mtu wa Milano anazigeuza, wa Sisilia anazo za wazi tu. Redio na televisheni zilijaribu kuliweka sawa jambo hili kwa miaka mingi, na hapa naona zilishindwa kwa heri: Waitaliano walipata sarufi moja na msamiati mmoja, lakini kila mtu akabaki na irabu za mama yake. Mpaka leo ukimsikiliza Mtaliano kwa nusu dakika unajua anatoka mkoa gani.

Tarehe 15 Novemba 1960 kikaanza kipindi cha *Non è mai troppo tardi*, maana yake hujachelewa kamwe, kilichotengenezwa na RAI, shirika la utangazaji la taifa, pamoja na wizara ya elimu. Kilidumu mpaka 1968, masomo 484. Mwalimu alikuwa Alberto Manzi, mwalimu wa shule ya msingi mjini Roma. Kipindi kilirushwa mapema jioni, kabla ya mlo, wakati watu wamekwisha kutoka kazini.

Tazameni alivyofanya. Hakukaa nyuma ya meza kusoma mhadhara. Alisimama mbele ya karatasi kubwa zilizobanwa kwenye ubao wa miguu, mkononi ana kipande cha mkaa wa kuchorea. Anapiga mstari. Anapiga wa pili. Huku anaongea, polepole, kama mtu aliye sebuleni kwako. Mtazamaji hajajua bado kinachochorwa ni nini, na kwa sababu hajajua, hainuki. Mchoro ukikamilika, jina la kitu linaandikwa kando yake kwa herufi kubwa, na kila herufi inaonekana ikizaliwa mbele ya macho: inaanzia wapi, inapinda wapi, inaishia wapi. Karatasi ikijaa inafunuliwa nyingine. Mkaa ulimchafua, na inasimuliwa kwamba zaidi ya mshahara wake wa ualimu alilipwa fidia ya shati.

Udhaifu wa mbinu hii ni kwamba televisheni haioni. Haiwezi kumwambia mtu kwamba ameshika penseli kama jembe, wala kwamba ameandika *b* ikitazama upande usio wake. Ndiyo maana palipangwa vituo vya kutazamia kwa pamoja. Kifaa kinawekwa ukumbini, watu wanakaa na madaftari, na mwalimu wa mahali hapo anapita kati yao wakati wa kipindi na baada yake. Inakadiriwa kwamba karibu watu 1,500,000 walipata cheti cha msingi kwa msaada wa kipindi hiki. Hesabu hiyo hupewa Manzi peke yake, nadhani kwa kumwonea fahari tu. Nyuma yake zilikuwepo kozi za jioni za miaka kumi na tatu na walimu wasiojulikana majina.

Tusisahau treni. Kati ya 1951 na 1961 Torino ilipanda kutoka wakazi kama 719,000 hadi zaidi ya milioni moja, na wengi wa waliokuja walitoka kusini kufuata kazi za viwandani. Walikuta sheria ya mwaka 1939 bado hai. Ili uandikishwe kuwa mkazi wa mji mkubwa ulitakiwa kuonyesha kwamba una kazi, na ili ofisi ya ajira ikuandikishe ulitakiwa kuonyesha kwamba wewe ni mkazi. Mtu akawa haramu katika nchi yake mwenyewe, akiajiriwa kwa mlango wa pembeni na kulipwa pungufu. Sheria hiyo ilifutwa Februari 1961. Kwenye nyumba za kupanga kulikuwa na vibao vya kusema hawapangishwi watu wa kusini. Lakini kiwandani, msimamizi wa Piemonte na kijana wa Lucania waliosimama kwenye mashine moja walipaswa kuelewana leo, si kesho. Cha huyu hakimfai yule. Kilichobaki katikati ni Kitaliano, kibovu cha pande zote mbili, na watoto wao wakakikuta kimekwisha kuwa lugha ya nyumbani. Nikiulizwa nini hasa kiliwafundisha Waitaliano Kitaliano, nitataja treni hii kabla ya shule.

Shule ilichelewa. Kifungu cha 34 cha Katiba kiliahidi angalau miaka minane ya masomo, ya lazima na ya bure. Ahadi ilisubiri mpaka sheria namba 1859 ya tarehe 31 Desemba 1962. Kabla yake, mtoto akimaliza darasa la tano, akiwa na miaka 11, njia ziligawanyika. Moja ilikuwa na mtihani wa kuingilia na Kilatini, ikielekea chuo kikuu. Nyingine ilikuwa ya kazi za mikono na iliishia hapo. Sheria mpya iliziunganisha. Kilatini kilipiganiwa sana, kikaachwa nusunusu: kinaguswa pamoja na Kitaliano mwaka wa pili, kinachaguliwa kwa hiari mwaka wa tatu, lakini anayetaka kwenda sekondari ya *classico*, ile ya lugha za kale, hana budi kukichukua. Mwaka 1977 kikaondolewa kabisa katika ngazi hiyo.

Mlimani Toscana, katika kijiji cha Barbiana, padri Lorenzo Milani alikuwa akifundisha watoto wa wakulima ambao shule ya serikali imewatema. Walisoma magazeti kwa sauti, wakisimama kwenye kila neno gumu. Namna yao ya kuandika kwa pamoja inafaa hata ofisini. Kila mmoja hubeba kijidaftari mfukoni, na kila wazo likimjia analiandika kwenye kikaratasi chake, wazo moja kikaratasi kimoja. Siku ikifika vinamwagwa vyote mezani. Vinavyorudia vinatolewa. Vinavyohusiana vinawekwa rundo moja, na kila rundo ni sura. Rundo linagawanywa tena kuwa aya, aya zinapangwa, ndipo maandishi yanaanza. Kisha mkasi na gundi: kila neno linaulizwa lina kazi gani, lisilo na kazi linakatwa. Mwisho wanaitwa watu wa nje wasome, ikiwezekana wasiosoma sana, na wakikwama mahali, mahali hapo pana kosa la mwandishi. Ushauri wa kufanya maandishi yaeleweke hupokelewa, ushauri wa kuyapooza hukataliwa.

Nimesema tutakutana tena na ofisi. Mwaka 1965, Kitaliano kikiwa ndiyo kwanza kinaenea, mwandishi Italo Calvino aliandika gazetini juu ya kitu alichokiita *antilingua*, lugha-kinyume. Raia anamweleza askari polisi mambo ya kawaida: asubuhi alishuka chini kuwasha jiko, akaona chupa za mvinyo. Askari anapiga taipureta. Kwenye karatasi hakuna tena "kwenda", kuna *recarsi*. Hakuna "kufanya", kuna *effettuare*. Jiko limekuwa mtambo wa joto, chupa zimekuwa bidhaa za mvinyo. Mtu anasomewa maneno yake mwenyewe na hayatambui, na anatakiwa aweke sahihi. Kwa anayesoma barua zetu za ofisini hili halihitaji mkalimani. Kwetu pia watu hawahesabiwi, bali "linatekelezwa zoezi la kuhesabu".

Lugha hiyo ya ofisi ilisafiri hata nje. Kuanzia Aprili 1950 mpaka Julai 1960 Italia iliisimamia Somalia kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, na kwa kuwa Kisomali kilikuwa bado hakina maandishi rasmi, ofisi nyingi ziliandika Kitaliano. Watu wa Barawa, ambao lugha yao ya nyumbani ni Chimwini, Kiswahili cha kaskazini kabisa, nao walikutana na *effettuare* humo ofisini.

Na wale ambao lugha yao si lahaja wala Kitaliano? Kifungu cha 6 cha Katiba kinasema Jamhuri inalinda jamii za lugha ndogo kwa sheria maalumu. Wanaosema Kijerumani wa Alto Adige walipata makubaliano yaliyosainiwa Paris tarehe 5 Septemba 1946 kati ya Alcide De Gasperi, waziri mkuu wa Italia, na Karl Gruber, waziri wa mambo ya nje wa Austria: shule kwa lugha yao, ofisi kwa lugha mbili, majina ya ukoo yarudishwe. Utekelezaji ulisuasua, na usiku mmoja wa Juni 1961 nguzo za umeme zikalipuliwa. Utaratibu kamili ulikuja na sheria ya mamlaka ya ndani ya mwaka 1972, pamoja na mgao wa kazi za serikali kwa idadi ya wasemaji na cheti cha lazima cha kujua lugha zote mbili. Wenye dola jirani ya kuwasemea walisikilizwa. Kisardinia na Kifriuli, ambavyo havikuwa na Vienna yao, vilingoja sheria namba 482 ya Desemba 1999, karibu miaka 52 baada ya kifungu cha 6.

Mwaka 1993 serikali yenyewe ilitoa mwongozo wa kuwafundisha watumishi wake kuandika kwa maneno ya kawaida. Ukipanda basi Italia leo, tiketi yako unatakiwa uipige muhuri kwenye kimashine. Kitaliano kina neno la kugonga muhuri ambalo hata mtoto analijua, *timbrare*. Kwenye tangazo limeandikwa *obliterare*.